'Kuenjoy' si uvivu: Maneno yetu ya raha yametiwa hatiani

Lawama dhidi ya neno 'enjoy' nimezisikia mno katika vyumba vya walimu huku kwetu Kisii na Nyamira. Kijana ametoka harusini Keroka, anaulizwa mambo yalikuwaje, naye anajibu: "Tulienjoy vibaya!" Mwalimu wa Kiswahili anashika kichwa. Kwani Kiswahili hakina raha? Kimekosa furaha, starehe, anasa au burudani? Hukumu inatolewa papo hapo: huu ni uvivu, ni kasumba, ni Sheng.

Sikubaliani na hukumu hiyo. Anayesema 'enjoy' hajakosa neno. Anayo manne au matano, ila mengi kati ya hayo ameshaonywa nayo tangu utotoni.

Chukua starehe. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uo huo uliotupa raha. Yote mawili yalihusu kupumzika. Kule pwani, ukiingia mahali na mwenyeji akataka kuinuka kwa ajili yako, unamwambia "Starehe!", yaani asijisumbue. Ni neno la adabu kabisa. Huku bara limeharibika. Niliwataka wanafunzi wa kidato cha pili walitumie katika sentensi, na karibu wote wakaandika kuhusu pombe, ukahaba au mtu aliyefilisika. Nikamuuliza mmoja kwa nini asiandike kwamba alistarehe kwa nyanya yake wakati wa likizo. "Mwalimu," akanijibu, "si watu watafikiri kwa magokoro kuna baa?"

Anasa ndiyo imeumia zaidi. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu ukaribu na kuliwazana. Ndiko lilikotoka jina Anisa. Ukitaka kujua jinsi ilivyogeuka mshtakiwa, fungua Isaya 58:13, aya inayojulikana mno katika kaunti hizi mbili. Waadventista wa Sabato walianzia Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, kisha wakajikita Nyanchwa mjini Kisii, na mahubiri kuhusu aya hiyo si haba. Katika Biblia ya Kiingereza ya King James neno 'pleasure' limo mara mbili katika aya hiyo, na 'delight' mara moja. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, waliligawa: 'pleasure' ya kwanza, ile inayokatazwa, wakaiita anasa, ya pili wakaizungukia kwa kusema yale yampendezayo mtu, 'delight', inayoamriwa, ikawa furaha. Aya inayofuata inaruhusu kujifurahisha, lakini katika Bwana.

Siwalaumu watafsiri hao. Walichagua vizuri, tena kwa sikio zuri kuliko wengi wetu. Ila msikilizaji kanisani hatoki na muktadha, anatoka na neno. Furaha imetoka na shahada, anasa imetoka na pingu. Ndiyo maana mwumini anayeongoza ibada nzima kwa Kiswahili au Ekegusii hukusalimu Jumamosi asubuhi kwa "Happy Sabbath" bila wasiwasi wowote.

Shule nazo zimeongezea kifungo. Katika insha tunazozifundisha na kuzisifu, mhusika akionja raha katika ukurasa wa kwanza, kufikia ukurasa wa tatu ameambukizwa maradhi, amefukuzwa shule au yuko rumande. Na sisi wa magazeti tusijitoe. Kujivinjari ni kujiburudisha tu, hata kwa kutembea jioni kando ya mto. Lakini msomaji wa kurasa zetu akikutana na 'akijivinjari', tayari anamwona mume wa mtu katika gesti.

'Enjoy' lilifika bila faili lolote kwa naibu wa mwalimu mkuu. Hakuna mhubiri aliyelikemea, hakuna insha iliyoliadhibu. Mama wa kanisa anaweza kulisema mbele ya mchungaji, na mtoto mbele ya baba yake. (Waingereza wenyewe waliwahi kuwa na maneno yao yasiyo na heshima: katika kamusi yake ya 1755, Samuel Johnson alilidharau 'fun' kuwa neno la kihuni.) Nayo 'pleasure' imekauka kabisa, imebaki ya itifaki tu. Huku hata kwenye matanga utamsikia mfawidhi akisema kwa Kiingereza kwamba ni 'pleasure' yake kumkaribisha mheshimiwa, jeneza likiwa hatua tatu kutoka alipo. Jaribu kumfasiria: "Ni anasa yangu kumkaribisha..." Atapigwa.

Upo pia upande wa sarufi. Katika Kiingereza sanifu kitenzi 'enjoy' hudai shamirisho, kiwe chakula, mchezo au nafsi ya mtu mwenyewe. Wengi wetu husema 'we really enjoyed', halafu nukta, na walimu wa Kiingereza wanatia wino mwekundu. Lakini visikilize vitenzi vyetu: tulifurahi, tulistarehe. Shamirisho halipo wala halitafutwi. Furaha kwetu ni hali anayokuwamo mtu, na kijana wa Keroka amekichukua kitenzi cha Kimombo akakivika sarufi ya kwao. Hata hilo 'vibaya' lake lina nasaba. Mashabiki wa Shabana hujiita Tore Bobe, ambayo neno kwa neno ni 'tuko vibaya', na timu hiyo iliporejea Ligi Kuu mwaka 2023 hakuna aliyedhani kwamba wanaomboleza.

Wino mwekundu ningeuhifadhia kosa jingine, linalotendwa na wasomi na wanahabari kwa Kiswahili kinachoonekana safi. Ni tabia ya kutafsiri 'enjoy' kwa 'kufurahia' popote linapotokea. Mwanasiasa 'anafurahia uungwaji mkono', mji 'unafurahia hali nzuri ya hewa', raia 'wanafurahia haki zao'. Kiingereza hapo hakisemi habari za furaha. Kinasema kuwa na kitu au kunufaika nacho, na ndivyo neno hilo linavyotumika katika Kifungu cha 20 cha Katiba ya 2010 kwa Kiingereza. Mahabusu aliyepewa wakili anatumia haki yake. Si lazima atabasamu. Mbunge ana uungwaji mkono, au anaungwa mkono, basi. Mji una hali nzuri ya hewa. Anayesema 'tulienjoy' walau anaonekana kwamba amekopa, na Kiswahili chake kinabaki kizima. Anayeandika 'anafurahia uungwaji mkono' amekivuruga Kiswahili kwa ndani, na mhariri wake hata hajashtuka.

Kuhusu starehe, sioni kamusi itakayoisafisha. Labda matumizi. Kidato kile cha pili nimekipa insha ya likizo yenye sharti moja: mhusika astarehe kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho, na asiadhibiwe. Wawili wameshaniuliza kama hadithi ya namna hiyo inaweza kupata alama.