Akili Unde na Uundaji wa Vyombo: Istilahi na Ufundishaji wa Usanifu Uvira

Tangu programu ya ChatGPT itolewe hadharani mwezi Novemba 2022, waandishi wa Kiswahili wamekuwa wakishindania istilahi tatu: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Ubishi huo umehusu zaidi ufasaha wa maneno. Lililochunguzwa kidogo ni namna kila istilahi inavyomwelekeza mwanafunzi anayejifunza kusanifu vitu vya matumizi, na hapo ndipo mfano wa Uvira unapofaa.

Bandia hudokeza kughushi, kwa hiyo huhukumu kabla ya kupima. Mnemba, kwa msomaji wa mwambao wa Tanganyika, ni neno bubu. Ajuaye jiografia ya Zanzibar atakumbuka kisiwa kilicho kaskazini mashariki ya Unguja, wala si mashine. Unde limetokana na unda, kitenzi ambacho kamusi ya Johnson ya 1939 ilikwisha kukihusisha na kazi ya vyombo vya majini. Faida yake ni kwamba linazua swali: nani ameunda, na kwa malighafi gani?

Swali hilo si la nadharia tupu. Katika uvuvi wa ndagala, mitumbwi miwili hufungwa sambamba kwa miti, taa huwashwa usiku ili kuvuta samaki, kisha wavu huinuliwa kutoka chini. Mtindo huo uliingia kaskazini mwa ziwa katika miaka ya 1950, na karabai zake zimekuwa zikiziachia nafasi taa za betri. Badiliko la taa hugusa chombo kizima: uzito wa betri, mahali pa kuiweka isilowe, urefu wa mti unaobeba taa. Aidha, kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini husukuma mawimbi katika ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, na ncha ya kaskazini ndiyo huyapokea. Fundi wa Kalundu huyajua hayo kwa mkono. Maarifa yake hayamo, ila kwa uchache mno, katika maandishi yanayofunza mashine. Mwanafunzi akiiamuru imchoree mtumbwi, huenda akaletewa picha nzuri ya chombo cha bahari nyingine.

Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini elimu ya juu hutolewa kwa Kifaransa. Nadharia basi huandikwa kwa lugha moja na ufundi husemwa kwa nyingine.

Neno usanifu nalo limeongeza utata. Tangu Kamati ya Lugha ya 1930, sanifu limeambatana na kilichokwisha kupitishwa, ilhali kazi ya mwanafunzi huyu ni kutafuta kisichokuwapo. Uundaji lingefaa zaidi. Itapingwa kwamba neno hilo huchanganya kubuni na kutengeneza. Lakini ufukweni Uvira mengi huamuliwa mbao zikiwa mkononi.

Kuipiga marufuku mashine hakutasaidia. Kinachohitajika ni kugeuza mfuatano wa kazi: mwanafunzi aanze kwa kupima chombo na kuandika majina ya sehemu zake kama yanavyotamkwa na mafundi, kisha aiulize mashine, na atuzwe alama kwa makosa atakayoyagundua katika mchoro wake. Orodha ya majina hayo, pamoja na vipimo, ingeweza kuwa kitabu cha kwanza cha kiada cha somo hilo.