Ukakasi Una Jina Lake

Geuza chupa yoyote ya mvinyo mwekundu usome maneno ya nyuma. Utaambiwa kuna blackcurrant, mwerezi, ngozi, tumbaku. Tumbaku sawa, sote tumewahi kukaa karibu na mtu anayevuta. Lakini hiyo blackcurrant, tuseme ukweli, wengi wetu Nairobi tunaijua kutoka kwa Fanta. Ndiyo maana msee akipewa glasi na kuulizwa anaonja nini, anasema tu "iko poa", kisha anarudi kwa keg yake.

Mivinyo mitatu niliyoionja ni ya kiwanda kimoja cha Dodoma, na lebo zake zimeandikwa kwa maneno hayohayo ya kuazima. Hiyo ni hasara, kwa sababu Kiswahili kina neno ambalo wanywaji wa kwingine wanalizungukia kwa sentensi nzima: ukakasi. Kile kitu ndizi mbichi inakufanyia mdomoni, ulimi ukakauka na mashavu yakavutwa ndani. Kwenye mvinyo mwekundu kinaletwa na tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Strungi iliyosahaulika jikoni inayo pia. Ukijua ukakasi, ushajua nusu ya kazi ya mwonjaji.

Tuanze na mtamu, maana ndio unaopendwa kwa sherehe. Sina ugomvi na utamu. Ugomvi wangu ni kwamba sukari ikizidi, zabibu haisikiki. Ungeniambia ni sharubati ya kitu kingine ningekubali. Unashuka vizuri ukiwa baridi, na kesho kichwa kitakukumbusha. 4 kwa 10.

Mkavu wa zabibu ya Makutupora ndio ulionifanya niandike. Zabibu hii nyekundu imebeba jina la Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, ambako pia kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Wamisionari Wakatoliki ndio walioleta mizabibu sehemu hizo karne iliyopita, kwenye nchi kavu ambayo usingeidhania. Pua yake ni zambarau, si ati "kama matunda meusi", ni zambarau yenyewe, ile inayokuacha na ulimi wa rangi siku nzima. Ukimeza, uchachu wa ukwaju unatangulia, halafu ukakasi unakuja polepole na kukaa. Haina ule ulaini wa mivinyo ya Afrika Kusini iliyojaa kwa supamaketi zetu. Kuna ukali fulani pembeni, kama mtu anayeongea ukweli bila kukuandaa. Mimi naupenda. Ukiuweka na mbuzi choma yenye mafuta, ukali unalegea na zambarau inarudi mbele. Kachumbari yenye pilipili iweke mbali kidogo, maana pilipili na pombe zikikutana koo litawaka.

7 na nusu. Ningeupa 8, lakini kuna jambo lebo imelinyamazia. Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka: mara moja msimu wa mvua, karibu Februari na Machi, na mara nyingine kiangazi, Agosti na Septemba. Zabibu iliyonyeshewa karibu na kuvunwa hujaa maji na sukari yake hushuka. Ya kiangazi hukaza. Hizo ni zabibu mbili tofauti zenye jina moja, na chupa haikusema ni ipi. Mkulima anajua, mtengenezaji anajua, mnunuzi anabahatisha. Halafu tunashangaa mtu anaponunua chupa ya pili na kusema "hii si ile". Huyo hanunui ya tatu, na anayeumia mwishowe ni mwenye shamba.

Kuhusu alama, kwa nini 10? Mizani ya 100 aliyoieneza Mmarekani Robert Parker huanzia 50, yaani hata mvinyo wa kumwagwa kwenye sinki una nusu tayari. Hapa sifuri ni sifuri.

Wa tatu ni Syrah, laini, una pilipili manga kidogo na harufu ya moshi. Umetengenezwa kwa ustadi, hauna kosa. Lakini ungeweza kutoka popote penye jua. 7.

Halafu hili neno "joto la chumba" tuliache. Lilitokana na nyumba za baridi za Ulaya. Chumba cha Dar au Mombasa mchana kitakupa mvinyo unaonukia spiriti. Tia chupa kwenye friji dakika 20 kabla ya kumimina. Na ukifungua huo wa Makutupora, umalizeni siku hiyohiyo. Niliuziba nikauonja jioni ya pili: zambarau imeenda, imebaki strungi.