Kazi ya Teke

Kila bunduki hupiga teke. Marisau yakienda mbele, chuma hurudi nyuma kwenye bega la mpigaji, na kwa karne nyingi teke hilo halikuwa na kazi ila kuumiza. Mafundi walilipunguza makali kwa kuongeza uzito wa bunduki, kwa kuchonga kitako vizuri, kwa kubandika kipande cha mpira. Shotigani inayojipakia yenyewe ndiyo iliyolipatia teke ajira. Sehemu ndogo ya nguvu ya risasi iliyokwisha kulia inakamatwa, inafungua komeo, inatupa nje ganda tupu, inavuta risasi mpya kutoka kwenye bomba lililolala chini ya mtutu, inaisukuma ndani ya chemba na kufunga tena. Kidole huvuta kifyatulio mara moja kwa kila mlio. Yaliyobaki hukamilika mpigaji hajapepesa jicho.

Anayetaka kununua moja, iwe ya kuwindia ndege au ya kulengea visahani vya udongo, atasikia ubishi mwingi wa majina ya viwanda. Mimi naona ubishi wenye maana ni mmoja: nguvu ile inakamatwa vipi, na ikizidi inatupwa wapi. Sehemu ya pili ndiyo ngumu. Risasi za geji 12 huingia kwenye mtutu wenye upana uleule, yapata milimita 18.5, lakini nguvu zake hazilingani hata kidogo. Ile ya mashindano ya Olimpiki hubeba gramu 24 za marisau. Ile ndefu ya kuwindia bata bukini, inayohitaji chemba ya milimita 89, hubeba zaidi ya gramu 50. Komeo ni lilelile na springi ni ileile. Mashine iliyolegezwa iridhike na risasi ndogo itajipiga hadi ipasuke ikilishwa kubwa. Iliyokazwa kwa ajili ya kubwa itakwama mdomo wazi ikipewa ndogo.

John Moses Browning, mwana wa fundi bunduki wa mji wa Ogden huko Utah, alilikabili tatizo hilo lilipokuwa baya kuliko leo. Baruti isiyotoa moshi ilikuwa imeingia sokoni karibuni, na bila hiyo masizi ya baruti nyeusi yangeziba mashine ya namna hii upesi. Lakini maganda yalikuwa ya karatasi, yakivimba kwa unyevu, na nguvu ya risasi ilitofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Katika hataza yake ya Oktoba 1900, Browning aliuacha mtutu wenyewe uwe huru kurudi nyuma. Risasi ikilia, mtutu na komeo hurudi pamoja vikiwa vimefungamana, umbali unaozidi urefu wa risasi nzima. Hapo komeo hushikwa nyuma, mtutu unakwenda mbele peke yake ukiliacha ganda, ganda linatupwa, ndipo komeo linafuata na risasi mpya. Bega huhisi misukumo miwili inayofuatana, na si wote wanaoipenda hisia hiyo.

Uzuri wenyewe umefichwa chini ya mbao ya mbele, pale mkono wa kushoto unaposhika. Fungua kifuniko, vuta mbao, na utaona springi kubwa inayolizunguka bomba la risasi, kipande cha shaba nyeusi kilichopasuliwa ubavuni, na pete ya chuma iliyochongwa mshazari upande mmoja. Pete ikikaa mbele ya springi, mtutu unaporudi nyuma shaba hubanwa kwenye mshazari ule, nayo hulibana bomba, na msuguano unakula nguvu iliyozidi. Hivyo ndivyo bunduki inavyotayarishwa kwa risasi nzito. Kwa risasi nyepesi pete hutolewa hapo na kuwekwa nyuma ya springi, karibu na mwili wa bunduki, ikakaa tu bila kushiriki. Pete moja, mahali pawili, basi. Kipande cha chuma kinachofunikwa na kiganja kinaamua kama bunduki itaishi miaka 5 au 80. Hata mafuta yana neno hapa: ukilipaka bomba kupita kiasi, shaba inateleza na breki imekufa, ukiliacha kavu kabisa, risasi dhaifu haitamaliza mzunguko.

Ndiyo maana anayenunua Auto-5 ya zamani, kama bunduki hiyo ilivyokuja kuitwa, hana haja ya kuanza na mtutu wala nakshi. Aivue mbao ya mbele aitazame ndani. Mbao iliyopasuka kwa urefu inasimulia habari za mwenye bunduki aliyepiga risasi nzito miaka nenda rudi huku pete imekaa mahali pa nyepesi.

Browning aliipeleka kazi hii kwa Winchester, kiwanda alichokiuzia mawazo yake kwa miaka karibu ishirini. Safari hii hakutaka kuuza moja kwa moja. Alitaka sehemu ya kila bunduki itakayouzwa. Wakakataa. Akaenda Remington, na tarehe 8 Januari 1902, akiwa anasubiri kuonana na mkuu wa kampuni, Marcellus Hartley, akaambiwa mzee amefariki siku hiyohiyo. Browning akapanda meli kwenda Ubelgiji, kwa kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, akaagiza bunduki 10,000. Auto-5 ilitengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Yeye mwenyewe alifia Herstal, kiwandani, Novemba 1926.

Winchester walilipia kiburi chao kwa namna ya kusikitisha. Hataza za Browning zilikuwa zimeziba njia zote nyepesi, hata mkono wa kuvutia komeo. Bunduki yao ya mwaka 1911 ilikosa mkono huo. Mpigaji alitakiwa ashike mtutu penye mikwaruzo na kuusukuma nyuma. Ganda lililovimba likikwama, watu walisimika kitako ardhini na kuusukuma mtutu kuelekea chini, uso ukiwa juu ya mdomo wake. Wamarekani wakaibatiza jina la mtengeneza wajane. Ilikoma kutengenezwa mwaka 1925.

Njia ya pili ya kulipa teke kazi ni gesi. Mtutu haupigi hatua. Umetobolewa matundu madogo upande wa chini, na marisau yakishapita hapo, gesi kidogo huponyoka ikasukuma pistoni inayozunguka bomba la risasi, nayo ikalisukuma komeo. Remington walikuwa na bunduki ya gesi miaka ya 1950 yenye kifuniko cha kuzungusha, upande huu kwa risasi nyepesi, upande ule kwa nzito. Bado ilikuwa ni pete ya Browning kwa sura nyingine, kwani binadamu ndiye aliyetakiwa kukumbuka. Remington 1100 ya mwaka 1963 ilimwondolea kazi hiyo kwa sehemu kubwa, na kwa kuwa pistoni hurefusha muda ambao nguvu inalifikia bega, ilijulikana upesi kwenye viwanja vya kulengea visahani kama bunduki isiyoumiza. Mamilioni yake yametengenezwa. Udhaifu wake ni kipete cha mpira kinachozuia gesi isivuje. Kikikatika, bunduki ya bei kubwa inageuka ya kupakia kwa mkono. Wazoefu hutembea na kimoja mfukoni.

Hatua iliyofuata ilipigwa katika bonde la Trompia, kaskazini mwa Brescia, Italia. Huko Gardone, penye chuma mlimani na mto Mella wa kuendeshea nyundo, Bartolomeo Beretta aliiuzia Venice mitutu 185 mwaka 1526, na hati ya malipo ipo hadi leo. Mwaka 1992 kiwanda chenye jina lake kilitoa A390, yenye vali inayofunguka yenyewe. Gesi ikiwa ya kutosha tu, vali inabaki imefungwa na pistoni inapata yote. Ikizidi, springi ya vali inashindwa, mlango unafunguka, na ziada inatoka nje kwa mbele. Hakuna pete ya kugeuza, hakuna la kukumbuka. Mwindaji anaweza kuchanganya risasi za gramu 28 na 42 katika bomba moja, na bunduki ikazila zote bila kuuliza.

Gharama yake ni masizi. Gesi inayofanya kazi huacha kaboni kwenye pistoni, kwenye bomba, ndani ya vali. Mvivu wa kusafisha atajua siku moja alfajiri, katikati ya bwawa.

Njia ya tatu ndiyo ninayoistaajabia zaidi, kwa sababu mara ya kwanza unapoelezwa unahisi umedanganywa. Mtutu hausogei, matundu ya gesi hayapo. Mswidi Carl Axel Sjögren aliifikiria mapema katika karne ya 20, bunduki yake ikatengenezwa Denmark kwa muda mfupi na kusahauliwa. Bruno Civolani wa Bologna akaifufua kwa namna yake, na kampuni iliyoanzishwa Urbino mwaka 1967 na akina Benelli, ambao familia yao ilikuwa imejulikana kwa pikipiki, ikaijenga. Risasi ikilia, bunduki nzima inaruka nyuma. Komeo ni zito na limeachwa huru, kwa hiyo linabaki palepale lilipokuwa, kama abiria wa daladala dereva anapoondoa gari ghafla. Kati ya komeo na kichwa chake kuna springi fupi, ngumu sana. Bunduki inapolikimbilia komeo, springi hiyo inabanwa. Marisau yanakuwa yameshatoka na shinikizo limeshuka ndipo springi inapojikunjua, inalirusha komeo nyuma, kichwa kinazunguka na kufunguka. Masizi yote yanabaki ndani ya mtutu. Sehemu zinazosogea unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Na ziada inatupwa wapi? Ukiacha risasi nzito zaidi iirushe bunduki kwa kasi zaidi, springi inabanwa zaidi kidogo, lakini haina pa kwenda kupita mwisho wake. Nguvu nyingine inalifikia bega. Ndiyo maana bunduki hizi ni nyepesi, safi, na zinapiga teke la wazi kuliko za gesi. Civolani hakuitupa ziada popote. Alimwachia mpigaji.

Mwaka 1991 Marekani ilikamilisha marufuku ya marisau ya madini ya risasi kwa uwindaji wa bata, kwa kuwa ndege walikuwa wakiyameza matopeni na kufa kwa sumu. Chuma ni chepesi kuliko madini hayo, hivyo kila punje inatakiwa iwe kubwa zaidi, na punje kubwa zinahitaji ganda refu. Mwaka huohuo Benelli walitoa Super Black Eagle, ya kwanza kujipakia yenyewe kwa maganda ya milimita 89. Umoja wa Ulaya nao ulizuia madini ya risasi kwenye ardhi oevu Februari 2023. Pengo kati ya risasi ndogo na kubwa, lililomsumbua Browning, limezidi kupanuka.

Bunduki ya Civolani ina visirani vyake. Inataka kuachwa iruke; ukiiegemeza kwenye gogo ili utulie, au ukaining'inizia vikorokoro vizito, risasi nyepesi hazitaizungusha. Halafu kuna ile kero ambayo wawindaji wa bata wameipa jina la mlio wake. Komeo likifungwa polepole kwa woga wa kelele, au likiguswa na tawi, kichwa hakizunguki hadi mwisho. Ndege anakuja, kifyatulio kinavutwa, klik, hakuna kitu. Matoleo ya karibuni yametiwa kifaa cha kukilazimisha kichwa kijifunge, lakini wazee wa kazi bado huliachia komeo lijipige lenyewe.

Hataza zilipokwisha, njia hii ilisambaa. Mafundi wa Uturuki, pamoja na wale wa mji wa Huğlu mkoani Konya, wanaitengeneza kwa bei ambayo Mwitaliano hawezi kuifikia. Mwaka 2012 kampuni ya Browning yenyewe ilirudisha jina la A5, na nundu yake ya zamani mgongoni. Ndani mtutu hausogei tena.

Kwa anayechagua: anayepiga visahani mia mbili kwa siku na achukue ya gesi, nzito, ya kilo tatu na nusu hivi, asafishe jioni. Anayetembea porini kutwa nzima kutafuta kwale, au kulala kwenye tope akisubiri bata, achukue ya Urbino au ndugu zake. Auto-5 ni ya mtu anayefurahia kuielewa bunduki kabla ya kuipiga, na ambaye hatailisha marisau ya chuma katika mtutu wa zamani uliobanwa mdomo. Kwenye mitutu ya Italia kiwango cha kubana huandikwa kwa nyota, na nyota moja ndiyo inayobana zaidi ya zote. Wageni huelewa kinyume.

Asiununue wingi wa risasi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1935 inaruhusu tatu tu kwa ndege wanaohama, na Uingereza bomba la kawaida haliruhusiwi kubeba zaidi ya mbili. Huko Uingereza pia, kwenye mawindo ya heshima, anayefika na bunduki ya mtutu mmoja inayojipakia hutazamwa kwa jicho la pembeni. Sababu moja si majivuno: bunduki ya kukunja ikikunjwa kila mtu anaona kuwa ni tupu, hii haisemi.

Mwisho aiweke begani akiwa amefumba macho, kisha afumbue. Jicho likitua juu ya mstari wa mtutu, vema. Likitua kando, kuna vipande vyembamba vya kuwekwa kati ya kitako na mwili vya kurekebisha kimo na upande, na viwanda vingi vya Italia huvitia sandukuni. Kisha anunue boksi la risasi nyepesi kabisa anazokusudia kutumia, apige, na atazame chini maganda yanapoangukia. Yakienda mbali sana, nguvu imezidi. Yakianguka miguuni, ndege wa pili atakwenda zake. Yakilala pamoja hatua chache upande wa kulia, alipe.