Baraza Lililochelewa: Nani Awajibike kwa Vifo vya Romeo na Juliet?

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali kongwe katika uhakiki wa tanzia ya Romeo and Juliet ya William Shakespeare: nani awajibike kwa vifo vya vijana wawili waliopendana? Majibu yaliyozoeleka huielekeza lawama kwa majaliwa, kwa haraka ya vijana wenyewe, kwa wazazi, au kwa mtawa aliyewafungisha ndoa ya siri. Kwa kutumia dhana ya Kisambaa ya kubana shi na kuzifya shi, yaani kuiharibu nchi na kuiponya nchi, makala yanadai kuwa lawama ya kwanza ni ya mtawala wa Verona, ambaye aliziamuru nyumba mbili zinyamaze lakini hakuzikalisha zisikilizane mpaka pale watoto walipokwisha kufa. Lawama za wahusika wengine hazifutwi kwa hoja hii, zinapangwa upya.

1. Utangulizi

Tamthilia ya Romeo and Juliet ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1597, na toleo refu zaidi likafuata mwaka 1599. Matukio yake yanachukua muda usiofika juma moja. Katika muda huo wanakufa watu sita: Mercutio, Tybalt, mama yake Romeo, Paris, Romeo na Juliet. Isipokuwa mama huyo mmoja, wote ni vijana. Tamthilia inapofungwa, mtawala anatamka kwamba wapo watakaosamehewa na wapo watakaoadhibiwa, lakini hataji hata jina moja. Mtazamaji anaachiwa hukumu isiyo na mshtakiwa.

Ukimya huo haukutokana na kusahau. Shakespeare aliitegemea tenzi ndefu ya Arthur Brooke, iliyochapwa mwaka 1562, na katika tenzi hiyo hukumu ipo wazi: yaya anafukuzwa mjini, mtumishi Peter anaachwa huru, mtawa Laurence anasamehewa na kujitenga na watu, na mwuza dawa aliyetoa sumu ananyongwa. Katika neno lake kwa msomaji, Brooke anawalaumu pia wapenzi wenyewe kwa kudharau shauri la wazazi. Kwa hiyo Shakespeare alikuwa na hukumu iliyokwisha kuandikwa, naye akaiondoa. Mhakiki anayetaka kutaja mwenye kosa hana budi kwanza kueleza kuondolewa huko.

Swali hili si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Shakespeare aliingia katika lugha yetu mapema kupitia tafsiri za Julius Nyerere na S. S. Mushi za miaka ya 1960. Aidha, fasihi yetu yenyewe imelibeba swali hilo: katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), shauri la nani wa kulaumiwa kati ya mzazi na binti linapelekwa hadi mbele ya Mungu, kana kwamba duniani hapakupatikana mahali pa kulisikiliza. Ukosefu huo wa mahali pa kusikilizwa ndio kiini cha makala haya.

2. Mkabala wa Uhakiki

Usomaji huu umefanyika Kwai, wilaya ya Lushoto, katika Usambara ya Magharibi, na mkabala wake umechotwa katika mazingira hayo. Katika kitabu chake Peasant Intellectuals (1990), mwanahistoria Steven Feierman ameeleza kwa kina jinsi Wasambaa walivyoujadili utawala kwa maneno mawili: kubana shi na kuzifya shi. Nchi huharibika pale ambapo nguvu inashindana na nguvu, hakuna iliyo juu ya nyingine, na matokeo yake huonekana katika njaa, maradhi na vifo. Nchi hupona pale ambapo yupo mwenye uwezo wa kuyatuliza mashindano hayo, naye akautumia uwezo wake kwa faida ya wote. Hivyo ustawi wa nchi nzima ni kipimo cha mtawala.

Historia ya Shambaai ina mfano wake. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, mrithi wake Shekulwavu aliyekuwa Vugha alipambana na Semboja wa Mazinde. Vita vya Wakilindi kwa Wakilindi viliwaangukia raia, na wengi walikamatwa na kuuzwa utumwani. Walioanzisha ugomvi walikuwa wakubwa. Walioulipia hawakuwa na sauti ndani yake. Dhana iliyozaliwa katika uzoefu wa namna hiyo inafaa kuisoma Verona, mji wa nyumba mbili zenye hadhi sawa na uadui ambao chanzo chake hakitajwi popote katika tamthilia.

3. Majibu Yaliyozoeleka

Jibu la kwanza ni majaliwa. Utangulizi wa tamthilia unazitaja nyota, na wahusika wenyewe huzilalamikia. Tukio linalotegemewa zaidi na hoja hii ni barua ya Laurence kutofika Mantua, kwa kuwa mjumbe wake, mtawa John, alifungiwa katika nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Ni kweli kwamba tauni ilimzuia mjumbe, lakini siyo iliyoifanya habari ya ndoa iwe siri ya watu wachache, isafiri kwa barua moja mkononi mwa mtu mmoja. Ndoa inayojulikana na jamaa haiwi roho mkononi kwa sababu ya mjumbe aliyechelewa. Bahati mbaya iliua kwa kupita katika mlango uliokuwa umefunguliwa na watu.

Jibu la pili ni haraka ya vijana. Wanakutana Jumapili usiku, na Jumatatu mchana wameoana. Romeo, zaidi ya hayo, anamwua Tybalt na baadaye Paris, na damu hizo haziwezi kuwekwa mikononi mwa mtu mwingine. Hata hivyo, haraka si ugonjwa wa vijana peke yao katika tamthilia hii. Capulet, ambaye mwanzoni anamwambia Paris asubiri miaka miwili na autafute moyo wa binti, baada ya kifo cha Tybalt anapanga arusi iwe Alhamisi, kisha anairudisha nyuma iwe Jumatano. Laurence anamwonya Romeo juu ya kwenda mbio, kisha anawafungisha ndoa siku hiyo hiyo. Vijana wanakimbia katika mji ambao wazee wake nao wanakimbia.

Jibu la tatu ni mtawa Laurence. Nia yake ni njema na anaitaja waziwazi: ndoa hii huenda ikaugeuza uadui wa nyumba mbili kuwa upendo. Kosa limo ndani ya nia hiyo hiyo. Anataka kuponya ugonjwa wa nchi kwa dawa ya siri, na dawa yenyewe ni miili ya watoto wa watu. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia kwamba kabla ya kufika Shambaai, Mbegha alikuwa mgeni huko Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkuu wa mji, wakaenda kuwinda pamoja, na kijana akauawa na nguruwe mwitu. Mbegha hakurudi kwa baba mtu, alikimbia. Simulizi haimwiti mwuaji, lakini kukimbia kwake ni ungamo kwamba aliyemchukua mtoto wa mwenzake kwenda naye porini ana la kujibu. Laurence naye anamwingiza Juliet katika pori la sumu na kaburi, na anaposikia kelele za walinzi anamwacha peke yake kando ya maiti ya mumewe. Tofauti ni kwamba Laurence anakamatwa na kurudishwa, na anasema yote. Kwa sababu hiyo mtawala anamwita mtu mwema hata baada ya kumsikiliza.

Lawama ya Laurence, basi, ni nzito, lakini inazaa swali jingine: kwa nini mtawa mmoja alijiona ndiye pekee wa kuzipatanisha nyumba mbili? Aliifanya kwa siri kazi ambayo ilikuwa ya mtu mwingine kuifanya hadharani.

4. Mtawala Asiyesikiliza

Escalus, mtawala wa Verona, anatokea jukwaani mara tatu, na kila mara damu imekwisha kumwagika au inamwagika. Mara ya kwanza anazikuta nyumba mbili zikipigana barabarani, naye mwenyewe anasema kuwa huu ni ugomvi wa tatu. Anatishia adhabu ya kifo kwa atakayerudia, kisha anatoa agizo ambalo wahakiki wengi hulipita bila kulitazama: Capulet afuatane naye wakati huo huo, na Montague aje alasiri. Anawaita kila mmoja kwa wakati wake. Kila mzee anaambiwa la kwake, na hakuna anayemsikia mwenzake.

Uzito wa agizo hilo unaonekana katika onyesho linalofuata. Capulet, akitoka kwa mtawala, anamwambia Paris kwamba yeye na Montague wamefungwa kwa amri moja, na kwamba kwa wazee wa umri wao si vigumu kukaa kwa amani. Usiku huo huo Romeo anaingia katika karamu yake bila kualikwa. Tybalt anataka kumshambulia, na Capulet anamkataza, akimsifu Romeo kuwa kijana mwenye adabu. Mwenye nyumba aliye tayari kumtetea mtoto wa adui yake chini ya paa lake hakuwa mbali na mapatano. Kilichokosekana Jumapili ile ni mkeka mmoja na mtu wa kuwaketisha wazee wawili juu yake.

Mara ya pili Mercutio na Tybalt wamelala chini. Wazazi wa pande zote mbili wapo; mmoja anadai damu ya Romeo, mwingine anamtetea. Mtawala anatoa adhabu ya kumfukuza Romeo mjini na faini kwa wakubwa, na anatangaza kwamba hatasikia maombi wala udhuru. Tishio la kifo halitekelezwi, wala mazungumzo hayaanzishwi. Hapa ndipo dhana ya Kisambaa inapomulika: mamlaka iliyo juu ya nguvu mbili imejionyesha kuwa sauti tu, na nguvu zimebaki zikitazamana.

Mara ya tatu ni kaburini. Hapo, kwa mara ya kwanza, Escalus anafanya kazi ya baraza. Anaamuru kelele zikome mpaka chanzo kijulikane. Anamsikiliza Laurence, anamhoji mtumishi wa Romeo na kijana wa Paris, na anaisoma barua. Kisha anawaita Capulet na Montague pamoja, na palepale Capulet anamwita mwenzake ndugu na kumwomba mkono wake. Upatanisho ulioshindikana miaka yote unachukua dakika chache. Kwai ni kata, na msomaji wake analijua baraza la kata, ambalo kwa sheria ya mwaka 1985 kazi yake ya kwanza ni kuleta amani kwa kusuluhisha. Msomaji huyo hatashangaa kwamba jambo lilikwisha mara tu wahusika walipokalishwa pamoja. Atauliza kwa nini walikalishwa juu ya maiti.

Escalus mwenyewe analijua jibu. Anakiri kuwa aliufumbia macho ugomvi, na kwamba kwa hilo amepoteza jamaa zake wawili, Mercutio na Paris. Ni yeye peke yake, miongoni mwa wenye mamlaka ya mji, anayelitaja kosa lake kwa jina. Hapa ndipo hukumu ya Brooke ilipolazimika kuondoka: kama mwenye kuhukumu amejikuta miongoni mwa wakosaji, orodha ya adhabu inayomwishia mwuza dawa maskini ingekuwa uongo.

5. Mipaka ya Dhana: Nyumba ya Capulet

Pingamizi moja lina haki ya kujibiwa. Ikiwa nchi huponywa na nguvu moja iliyo juu ya nyingine, je, nyumba ya Capulet si mfano wa nguvu hiyo? Ndani yake baba hana mshindani, lakini ndimo Juliet, ambaye hajatimiza miaka kumi na minne, anatishiwa kutupwa barabarani akikataa kuolewa na Paris. Mama anageuka, na yaya, msiri wake wa mwisho, anamshauri amkubali mume wa pili. Shakespeare alimpunguzia umri huyu binti, kwani kwa Brooke anakaribia miaka kumi na sita, na hivyo aliuongeza uzito wa mamlaka ya wazazi juu yake.

Pingamizi hili linaonyesha kwamba ukuu wa nguvu peke yake hauponyi. Kinachoponya ni nguvu inayosikiliza, na inayojua kwamba mtoto wa mtu binafsi ni mtu wa nchi pia. Nchini Tanzania jambo hili si la jukwaani tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka kumi na mitano kwa ridhaa ya wazazi. Katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kuwa vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Hoja ya mahakama na hoja ya tanzia zinakutana mahali pamoja: ridhaa ya baba haiwezi kusimama badala ya sauti ya binti. Verona haikuwa na mlango ambao Juliet angeweza kuubisha, isipokuwa wa mtawa mwenye chupa.

6. Hitimisho

Makala yamedai kwamba wahusika wa Romeo and Juliet hawagawani lawama kwa mafungu sawa. Romeo anawajibika kwa upanga wake, Capulet kwa kumlazimisha mtoto, Laurence kwa kuifanya siri kuwa dawa na kwa kukimbia. Lakini kila kosa kati ya hayo lilikua katika mji ambao mtawala wake aliamuru bila kusikiliza, na ndiyo maana lawama ya kwanza ni yake. Wazee wawili wanaahidiana sanamu za dhahabu za watoto wao, huku mwuza dawa wa Mantua, aliyeuza sumu kwa sababu ya njaa, akisubiri kujua kama ni miongoni mwa watakaosamehewa au watakaoadhibiwa. Dhahabu hiyo haiponyi nchi. Kuzifya shi ni kazi ya walio hai na kwa ajili ya walio hai, na baraza linaloketi baada ya mazishi linaweza kueleza msiba tu; kuuzuia haliwezi tena.