Fasili na Msomaji Asiye Mtu: Uhakiki wa Mwongozo wa Chombo cha Kuhesabu Ziara za Tovuti

Mwongozo wa matumizi ni aina ya uandishi ambayo aghalabu huachwa nje ya uhakiki, kana kwamba lugha yake haina utata wowote wa maana. Hata hivyo, miongozo ya siku hizi ina msomaji wa namna mpya, yaani wakala wa akili unde: programu ipokeayo swali la mtu, ikasoma maelezo ya chombo, ikakitumia chombo hicho, kisha ikatoa jibu. Makala haya yanahakiki mfano mmoja, mwongozo wa Google Analytics, na kudai kwamba upungufu wake mkubwa ni wa kileksikografia: hufasili maneno bila ya kuyapa tarehe.

Chombo hicho, ambacho huandika ziara za watu katika tovuti na kuzigeuza kuwa hesabu, kilianza kutolewa mwaka 2005. Toleo lake la nne lilitoka mwaka 2020, na lile lililotangulia likaacha kupokea takwimu mpya za watumiaji wa kawaida mwezi wa Julai 1, 2023. Badiliko hilo la toleo lilikuwa pia badiliko la msamiati, ingawa maneno mengi yalibaki yale yale.

Istilahi iitwayo kwa Kiingereza "bounce rate" ni ushahidi wa kutosha. Katika toleo la zamani ilikuwa asilimia ya ziara zilizoishia katika ukurasa mmoja, bila ya tendo jingine kuandikwa. Katika toleo jipya ni asilimia ya ziara zisizo na ushiriki; na ziara huhesabiwa kuwa na ushiriki endapo imezidi sekunde 10, au imefungua kurasa 2 au zaidi, au ina tendo ambalo mwenye tovuti amelitia alama kuwa muhimu. Mathalani, mtu aliyefungua utenzi uliowekwa katika ukurasa mmoja, akausoma kwa dakika 20 na kuondoka, alihesabiwa na toleo la zamani pamoja na waliochungulia tu. Toleo jipya humhesabu kuwa ameshiriki. Neno ni moja, lakini hukumu zake mbili juu ya msomaji huyo zinapingana.

Binadamu ana njia za kujinusuru na utata huo: humwuliza mwenzake, au hushtuka hesabu zinapoporomoka ghafla. Wakala hana dhamana hiyo. Aidha, haanzi kusoma akiwa mtupu, kwani amefunzwa kwa maandishi mengi ya tangu 2005, ambamo maana ya kale imeenea. Fasili mpya inayonyamaza juu ya ile ya kale haiifuti. Huiwekea jirani tu. Mwenye tovuti akimpa ripoti za mwaka 2022 na za 2024 azilinganishe, yamkini atapata jibu fasaha juu ya vitu visivyolingana, akaziondoa kurasa ambazo wasomaji wake walizisoma hadi mwisho.

Ni haki kukiri kwamba Google imetoa maelezo yanayolinganisha vipimo vya matoleo hayo mawili. Lakini ulinganisho huo umetengwa na orodha ya vipimo iliyokusudiwa programu, ambayo ndiyo wakala huiendea kwanza. Orodha hiyo hiyo inastahili sifa kwa jambo jingine: hueleza kwamba kipimo hiki hurudishwa kama sehemu, hata 0.25 ikawa na maana ya asilimia 25. Waandishi wake, basi, wanajua kuonya mahali panapohusika. Onyo la tarehe ndilo lililosahauliwa.

Wengine hudhani kwamba dawa ni ufupi. Mnamo Septemba 2024 Jeremy Howard alipendekeza kila tovuti iwe na faili moja la muhtasari, liitwalo llms.txt, kwa ajili ya wasomaji wa aina hii. Novemba ya mwaka huo kampuni ya Anthropic ilitangaza utaratibu wa kuunganisha mawakala na vyombo vya nje, na mwaka 2025 Google ikatoa kiungo cha namna hiyo kwa chombo chake. Hatua hizo zimerahisisha njia ya kufikisha maneno. Maana ya maneno hayo hazikuigusa, na muhtasari wa fasili yenye utata hubaki na utata ule ule.

Kinachohitajika ni kazi ambayo watunga kamusi wameizoea: kutenga maana kwa nambari, kutia alama iliyokoma, na kutaja kila moja ilitumika lini. Mfasiri wa miongozo hii kwa Kiswahili ana nafasi ambayo Kiingereza kimeipoteza, kwani hajafungwa na neno moja lililozoeleka. Aweza kuiita ya kwanza "kiwango cha ziara za ukurasa mmoja" na ya pili "kiwango cha ziara zisizo na ushiriki". Akiyatafsiri yote mawili kwa neno moja, atakuwa ameurithi utata ambao hakulazimika kuurithi.