Wembe wa Sheffield na hesabu ya mgongo wake

Wembe wa kukunja wa karne ya 19 ukitolewa kwenye sanduku la urithi, jicho la mtu wa kawaida hukimbilia kutu. Fundi anayeijua kazi hutazama mgongo kwanza. Wembe wa aina hii hunolewa ukiwa umelala, mgongo na makali vikigusa kinoo kwa pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Bapa lenye upana wa milimita 20 na mgongo wa milimita 6 hutoa pembe ya digrii 17 hivi. Mgongo huo ukisagwa hadi milimita 5, pembe inashuka hadi digrii 14, na makali membamba kiasi hicho humeguka yakikutana na ndevu ngumu. Hapo ndipo nyembe nyingi za kale huharibiwa, na wanaoziharibu ni watu waliotaka kuzing'arisha.

Umri wake husomwa kwenye shina, karibu na msumari wa bawaba. Kampuni ya Wade & Butcher ya Sheffield, Uingereza, iliuza nyembe nyingi Marekani. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Ndiyo maana wembe uliochapwa “England” mara nyingi ni wa baada ya hapo. Chuma chake ni cha kaboni, maana kile kisichoshika kutu Harry Brearley alikipata mjini humo humo mwaka 1913.

Kutu nyekundu huondolewa kwa mafuta na sufi laini ya chuma, kisha msasa wa maji namba 400, 600, 1000 hadi 2000. Kila namba hupitishwa kwa kukata mistari iliyoachwa na ile iliyotangulia, ili fundi aone mikwaruzo ya zamani imekwisha kabla hajasonga mbele. Weusi uliotulia juu ya chuma ni heri uachwe. Hauli chuma, na kuufukuza kunapunguza bapa bila faida yoyote.

Adui mkubwa ni joto. Chuma cha wembe kilipashwa hadi kikawa chekundu, kikazamishwa ghafla kikawa kigumu, kisha kikapashwa tena kwa takriban nyuzi 200 za Selsiasi ili kisivunjike kama kioo. Mashine ya kung'arisha inaweza kuvuka kiwango hicho kwa sekunde chache, hasa kwenye makali, ambako chuma ni chembamba na joto halina pa kukimbilia. Rangi ya samawati ikijitokeza, nyuzi zimekaribia 300: ugumu umepotea, na hakuna kinoo cha kuurudisha. Ndiyo maana mafundi makini hushika bapa kwa vidole vitupu. Vidole vikishindwa, kazi inasimama na wembe unatiwa maji.

Vishimo vya kutu vilivyo katikati ya bapa havina madhara. Vilivyofika kwenye makali lazima viondolewe, na njia ni kurudisha makali nyuma hadi chuma kizima. Upana ukishuka kutoka milimita 20 hadi 18, pembe hupanda hadi karibu digrii 19. Bado wembe unanyoa vizuri. Ufa ni jambo jingine. Wembe wenye ufa hauendi tena usoni.

Mpini wa pembe ya ng'ombe uliokauka hulowekwa kwenye mafuta kwa siku kadhaa, na misumari ya shaba hugongwa kwa nyundo ndogo, taratibu, bapa likijaribiwa kufunga kila baada ya mapigo machache. Mpini wa seluloidi huhitaji tahadhari zaidi: ukianza kuoza hutoa mvuke wa tindikali unaokula chuma kilicho kando yake, hivyo hutolewa na kutengwa na nyembe nyingine.

Baada ya hapo ndipo kinoo huingia, namba 1000 kuweka makali, kisha 4000, 8000 na 12000 kuyalainisha. Kwenye jiwe makali hutangulia. Kwenye ukanda wa ngozi mgongo ndio hutangulia, na wembe hugeuzwa kwa kubingirika juu ya mgongo huo, makali yasije yakaikata ngozi. Kabla ya kufungwa, bapa hukaushwa na kupakwa mafuta kiduchu hadi ndani ya bawaba, mahali ambapo maji hujificha na kutu huanzia.