Afisa, Mpagazi na Ghala la Chakula: Tukisoma Kumbukumbu za Jenerali von Lettow-Vorbeck

Mwaka 1526 Martin Luther alimjibu Assa von Kram, afisa aliyesumbuliwa na dhamiri, kwa kijitabu kilichouliza kama wanajeshi nao waweza kuokoka. Jibu lake lilikuwa kwamba kazi ya upanga, kama ile ya tabibu akataye kiungo ili kuuponya mwili, yaweza kuwa huduma ya upendo. Lakini aushikaye upanga atatoa hesabu kwa Mungu jinsi alivyoutumia. Katika makala hii tunakusudia kukitumia kipimo hicho kwa kitabu cha afisa aliyepigana katika nchi yetu, yaani *Meine Erinnerungen aus Ostafrika* cha Paul von Lettow-Vorbeck, kilichotolewa mwaka 1920. Tumesikia zaidi ya mara moja mhubiri akimtaja afisa huyu kuwa kielelezo cha uvumilivu. Yafaa tujiulize kama kielelezo hicho ni halali.

Lettow-Vorbeck alizaliwa mwaka 1870. Alitumwa China mwaka 1900, kisha Afrika ya Kusini-Magharibi mwaka 1904, akawa katika ofisi ya Jenerali von Trotha wakati Waherero walipoangamizwa. Alifika Dar es Salaam Januari 1914. Novemba mwaka huo alilishinda jeshi la Waingereza na Wahindi huko Tanga. Alivuka Ruvuma Novemba 1917, na tarehe 25 Novemba 1918 akasalimisha silaha Abercorn, mji uitwao leo Mbala, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi, wanawake na watoto.

Hatuna budi kukiri kwamba kitabu kina sifa zake. Mwandishi aeleza waziwazi, bila madoido. Ushujaa wa askari Waafrika hauufichi, na kusudi lake halifichiki: kuyashughulisha majeshi mengi ya adui huku Afrika ili yasipelekwe Ulaya. Mtu akisoma kwa ajili ya mbinu za vita atajifunza mengi.

Hata hivyo, kusudi hilo ndilo linalomhukumu. Kama vita hii ilipiganwa kwa ajili ya Ulaya, basi mkulima wa Ugogo au wa Songea alilipa deni asilolikopa. Katika kitabu, afisa ana jina na cheo. Mpagazi kwa kawaida ni hesabu na mzigo. Chakula "hupatikana", ni nadra kuelezwa kilipatikana katika ghala la nani, na mwenye ghala alikula nini baadaye.

Hapa Yohana Mbatizaji atusaidia. Katika Luka 3:14 hakuwaamuru askari waache kazi yao. Aliwakataza kudhulumu na kushitaki kwa uongo, akawataka watosheke na mshahara wao. Basi agizo hilo huchukulia kwamba mshahara upo. Jeshi la Lettow-Vorbeck halikuwa na fedha za kuwalipa askari wake katika miaka ya mwisho. Jeshi lisilolipwa hulishwa na kijiji, apende mwenyeji asipende. Kwa hiyo dhuluma haikuwa kosa la askari mmoja mwenye tamaa. Ilikuwa ndani ya mpango wenyewe.

Shahidi wa jambo hili alitoka kambini mwake. Ludwig Deppe, daktari wa jeshi hilo, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1919 kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa. Wagogo waliipa njaa yao ya miaka 1917 hadi 1920 jina la Mtunya.

Msomaji aweza kusema kwamba Waingereza nao walichukua nafaka, mifugo na watu, na kwamba afisa alitii wajibu wake. La kwanza ni kweli, na wapagazi wao walikufa kwa makumi ya maelfu. Lakini dhambi ya jirani haifuti yetu. Kuhusu la pili, Luther alitofautisha wadhifa na mtu aushikaye, wala hakuufanya utii kuwa maficho. Tena Gavana Heinrich Schnee, mkuu wa koloni, alitaka vita viepushwe. Kamanda alishikilia lake. Hapo hakuna utii wa kujitetea nao.

Wanafunzi wetu wa theolojia, nanyi wachungaji wenzetu, huandika na kusoma wasifu wa marehemu karibu kila juma. Jaribu ni lile lile: kuhesabu vyeo na safari, na kuwapita walioubeba mzigo. Yule akida wa Kapernaumu katika Luka 7 hakumbukwi kwa vita hata kimoja. Akumbukwa kwa sababu mtumwa wake alikuwa mgonjwa, naye akaliona jambo hilo kuwa lake. Hatujapewa sisi kuamua kama Lettow-Vorbeck, aliyefariki mwaka 1964, aliokoka. Tumepewa kuamua ni nani tutamsifu mimbarani, na mbele ya wajukuu wa nani.